Mlio wa Stata na Fundi Tuliyemdhania Vibaya



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, Subhanahu wa Taala, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake, twaomba radhi kwa wasomaji wetu, hasa akina mama, kwamba wiki hii tutazungumza habari za gari. Mmezoea kutusoma tukieleza malezi, mirathi na adabu za nyumba. Leo tutafungua boneti. Hata hivyo msiugeuze ukurasa, kwani kisa hiki kilianzia jikoni, na aliyekitatua ni mama wa watoto wetu, wala si sisi.

Tunayo pikapu aina ya Peugeot 504, ambayo watu wa hapa Garsen huiita kwa mkato Pijo. Ni gari la zamani. Pikapu za aina hiyo zilianza kutengenezwa mwaka 1979, na 504 ziliendelea kuunganishwa hapa Kenya kwa miaka mingi. Wazee wanaofuatilia mashindano ya Safari Rally watakumbuka kwamba 504 ilishinda mwaka 1975, ikashinda tena mwaka 1978. Ya kwetu haijashinda mbio zozote. Kazi yake ni kubeba mahindi na mchele wa chuo, mikeka ya harusi, madumu ya maji wakati wa ukame, na jeneza pale familia isipokuwa na namna. Mara tatu imewachukua usiku akina mama waliokuwa katika uchungu wa kujifungua. Anayekaa ndani ndani huku kwetu anajua maana ya gari linalowaka saa nane za usiku. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na si kila mtaa una gari.

Mwishoni mwa mwaka 2023 zilikuja zile mvua za El Niño. Mto Tana ukafurika, barabara zikakatika, na watu wakahamia penye miinuko. Pikapu yetu ikakaa wiki kadhaa bila kuwashwa. Maji yalipopungua, tulizungusha ufunguo, stata ikatoa mlio mmoja mdogo, kisha ikanyamaza kabisa. Betri tuliipima, ilikuwa nzima.

Tukampelekea fundi mmoja kijana ambaye hufanya kazi chini ya mti, kando ya barabara ya kuelekea Minjila. Akaifungua stata mbele yetu, akatuonyesha kwamba brashi zake zimekwisha na bushi zimelika. Akatutafutia stata nyingine iliyotumika, akaifunga, tukamlipa shilingi 6,500. Gari likawaka. Tukamwombea dua, tukaenda zetu.

Baada ya wiki mbili tukasikia mlio. Haukuwa mlio wa stata iliyochoka. Ulikuwa mlio wa chuma kukwaruza chuma, kana kwamba mtu ametia changarawe ndani ya kinu akaanza kutwanga. Ulidumu kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha injini ikashika. Kesho yake haukusikika. Keshokutwa ulirudi.

Hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Hatukuuliza ni nini kinacholia. Tuliuliza ni nani aliyetuibia. Na jibu lilikuwa tayari kichwani: kijana yule ametuuzia stata mbovu. Jioni ile baada ya sala ya Alasiri, tukiwa tumekaa barazani pamoja na wenzetu, tulisema maneno hayo kwa sauti. Tulisema kwamba vijana wa siku hizi hawana amana. Mzee mmoja akadakia, akasema, "Maalim, hao ndivyo walivyo."

Ndugu msomaji, lazima tufafanue. Neno "hao" halikuwa na maana ya mafundi, wala halikuwa na maana ya vijana. Fundi yule si wa kabila letu. Kila aliyekuwepo barazani alielewa. Sisi, ambao kila mwaka huwasomesha wanafunzi tafsiri ya Surat Al-Hujurat, tulielewa kuliko wote. Na tukanyamaza. Tukageuza mazungumzo, tukauliza bei ya mbuzi.

Wakazi wa delta hii hawahitaji kuelezwa neno la namna ile linaweza kufika wapi. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika vijiji vyetu, wakiwemo wanawake na watoto. Ugomvi ulikuwa wa malisho, maji na mashamba. Lakini sisi tuliokuwepo twakumbuka kwamba kabla ya mishale na moto kulikuwa na maneno, na katika maneno hayo lilirudiwa sana neno "wale". Wale wamefanya hivi, wale wanapanga vile. Baada ya miaka yote hiyo ya vikao vya suluhu, tulilisikia tena neno lilelile barazani petu kwa sababu ya stata ya gari, na hatukulikemea.

Habari husafiri. Siku ya tatu fundi alimtuma mtoto na ujumbe: "Mwambie Maalim alete gari nilisikilize." Hatukulipeleka. Tulilipeleka kwa fundi mwingine mjini, ambaye hakusikiliza wala hakuuliza. Alisema tu kwamba stata tuliyopewa ni takataka, akatufungia nyingine kwa shilingi 11,000. Siku kumi zikapita kimya, nasi tukazidi kujiona tuna haki. Siku ya kumi na moja, alfajiri, tulipokuwa tukijiandaa kwenda Tarasaa, kinu kikaanza kutwanga changarawe.

Stata mbili, mlio mmoja. Hata hapo hatukufahamu. Tulirudi ndani tukiwa na hasira, tukakaa kwenye mkeka, tukasema kwamba Garsen nzima haina fundi mwaminifu.

Mama wa watoto alikuwa akichoma mikate ya kumimina. Hakugeuka. Alisema, "Maalim, wataka kusikia ninavyoona mimi, au wataka chai peke yake?"

Tukamwambia aseme.

"Gari hili lalia tangu Ramadhani ya mwaka jana," akasema. "Kabla ya mafuriko, na kabla ya yule kijana kuligusa. Nilikwambia, ukanijibu kwamba hayo si mambo ya jikoni. Wewe huwa umo ndani, umefungua kaseti ya darsa. Mimi nipo hapa dirishani, na boneti lanitazama."

Kisha akaendelea, "Na jambo jingine. Halilii kila siku. Stata ikiwa mbovu, si ingelia kila siku? Siku ambayo watoto wamelisukuma kidogo kulitoa kwenye mchanga, halilii kabisa. Nimeliona hilo si mara moja."

Tulikaa kimya. Tulikumbuka jinsi tunavyopenda kusimulia habari za Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, pale masahaba walipolemewa na huzuni, na Mtume (S.A.W.) akaingia kwa mkewe Ummu Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, akamsikiliza ushauri wake, akautekeleza, na jambo likatengenea. Kisa hicho tumekisema mimbarini mara nyingi. Nyumbani kwetu mwanamke alikuwa ametoa ushahidi wa kweli mwaka mzima, nasi tulikuwa tumemzidishia sauti ya kaseti.

Hapa twaomba tueleze kidogo jinsi stata inavyofanya kazi, kwa sababu bila kulijua hili huwezi kuona jinsi maneno yake yalivyokuwa ya kina.

Injini ya petroli haiwezi kujianzisha yenyewe. Lazima kitu cha nje kiizungushe kwanza. Zamani kitu hicho kilikuwa mkono wa mwanamume: aliingiza handeli mbele ya gari, akazungusha, na injini ikirudi nyuma ghafla iliweza kumvunja mkono. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyetengeneza stata ya umeme iliyofaa, na magari ya Cadillac yakaanza kuuzwa nayo katika toleo la mwaka 1912. Tangu hapo mwanamke, mzee na mgonjwa wameweza kuwasha gari bila kuomba msaada wa mtu. Basi stata ni neema ambayo akina mama wana fungu kubwa ndani yake.

Unapozungusha ufunguo, umeme mdogo huenda kwenye solenoidi, yaani kile kikopo kidogo kilichopandana na stata. Kikopo hicho hufanya kazi mbili kwa pamoja. Husukuma mbele gia ndogo ya stata, ambayo mafundi huiita bendiksi, ikaingiliane na meno ya gurudumu kubwa la injini, yaani flaiwili. Na hufungua njia ya umeme mkubwa kutoka kwenye betri ili mota izunguke. Gia ndogo ina meno machache, na ringi ya flaiwili ina meno zaidi ya 100, ndiyo maana mota ndogo huweza kuzungusha injini nzito. Injini ikishashika, gia ndogo hujiondoa ikarudi mahali pake.

Kwa hiyo milio haifanani, na kila mmoja una maana yake. Tumejifunza hivi:

Ukisikia "tak" moja kisha kimya, solenoidi imevuta lakini mota haizunguki. Angalia kwanza betri, vichwa vyake kama vina kutu au vimelegea, na waya wa athi unaoshika kwenye bodi na injini. Mara nyingi ugonjwa uko hapo, na dawa yake ni kusafisha na kukaza.

Ukisikia "tak-tak-tak-tak" ya haraka, betri imeishiwa nguvu. Betri iliyojaa hupimwa ikiwa na volti 12.6 hivi gari likiwa limezimwa. Ikishuka chini sana wakati wa kupiga stata, solenoidi hushika na kuachia, ikashika tena na kuachia.

Ukisikia mota inazunguka kwa mvumo mwembamba na injini imetulia tuli, gia ndogo haifiki kwenye meno, au inafika lakini inateleza. Hapo tatizo ni bendiksi au uma unaoisukuma.

Ukisikia mvumo mkali baada ya injini kuwaka, gia imenasa haijarudi. Zima gari mara moja, usiendelee na safari.

Na ukisikia kukwaruza, kama changarawe kinuni, basi meno hayakutani vizuri. Huenda boliti za stata zimelegea ikakaa upande. Huenda meno ya gia ndogo yamelika. Na huenda meno ya ringi ya flaiwili ndiyo yaliyolika, na hapo hata ukifunga stata kumi mpya mlio utabaki palepale.

Sasa rudini kwenye maneno ya mama. Alisema mlio huja siku nyingine na siku nyingine hauji. Alisema gari likisogezwa kidogo, mlio huondoka. Stata yenyewe haibadiliki gari linaposukumwa. Kinachobadilika ni mahali flaiwili iliposimama. Injini ya silinda nne inapozimwa haisimami popote tu. Hewa iliyobanwa ndani ya silinda huizuia, ikasimama karibu na mahali palepale kila mara, katika sehemu mbili za flaiwili zinazotazamana. Hivyo basi, miaka thelathini na zaidi gia ndogo hugonga meno yaleyale ya sehemu hizo mbili, na meno mengine yote hubaki karibu mazima.

Wakati ule hatukuyajua haya yote. Tulichofanya ni kujaribu alichokisema. Gari lilikuwa bado limesimama lilivyolia. Tulitoa ufunguo, tukatia gia ya juu kabisa, wanetu wawili wakalisukuma kiasi cha shubiri moja, ili magurudumu yaizungushe injini kidogo. Kisha tukarudisha gia huru, tukavuta breki ya mkono, tukawaweka watoto mbali, tukapiga stata. Likawaka bila kukwaruza hata kidogo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakusema neno.

Kwa wiki mbili tuliandika kwenye daftari la chuo kila alfajiri: limelia, halikulia, na kama limelia, limepona kwa kusogezwa au la. Katika siku kumi na nne lililia siku sita. Zote sita lilinyamaza baada ya kusogezwa. Hapo hapakuwa tena na nafasi ya dhana.

Tulienda kwa yule kijana chini ya mti siku ya Jumamosi asubuhi. Alituona kutoka mbali, akainuka, akapangusa mikono. "Shikamoo, Maalim," akasema. Tukamwitikia. Salamu ile ilikuwa nzito kifuani mwetu kuliko lawama, kwa kuwa ametuamkia kwa heshima baada ya tuliyoyasema juu yake.

Hatukutaka kuanza na gari, lakini yeye alianza nalo. Alitaka kulisikia. Likalia siku ile, kana kwamba lilikuja kushuhudia. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye stata na kishikio chake sikioni, akatuomba tupige tena. Kisha akaweka ncha kwenye kava la flaiwili, tukapiga. Akatikisa kichwa. Akafungua stata, akaitazama gia yake kwa tochi, akaiweka kando akisema ni nzima. Halafu akaanza kuizungusha injini polepole kwa spana kubwa, huku akimulika kupitia tundu lilipotoka stata.

"Tazama, Maalim," akasema. Tukainama. Meno yalipita moja baada ya jingine, yamenyooka, yana ncha safi. Kisha yakaja kama meno manane hivi yaliyopindika na kulika pembe, mengine yamebaki vigutu. Baadaye yakaja tena mazuri. Na upande wa pili, yakaja mengine yaliyolika, ila kidogo.

Kijana akazima tochi. Alisema, "Haya ni ya miaka mingi, hayakulika kwa wiki mbili. Lakini nami nina kosa, Maalim. Siku ile nilifunga stata bila kumulika ringi. Fundi aliyenifunza alinikataza kufanya hivyo. Ningemulika, ungejua mapema."

Twaomba wasomaji wayapime maneno hayo. Mtu aliyedhulumiwa alikuwa na nafasi ya kutulaumu, na badala yake alitafuta kosa lake mwenyewe na kulikiri. Na sisi wenye kilemba tulikuwa bado hatujasema letu.

Tulimwambia hapohapo. Tulimwambia kwamba tulimdhania vibaya bila ushahidi, kwamba tulimtaja barazani kwa jambo ambalo hakulifanya, na kwamba mtu alipomsema yeye na watu wake tulinyamaza. Tukamwomba msamaha. Alitazama chini kwa muda. Akasema, "La stata nimekusamehe, Maalim. Lakini lile la 'hao', nililisikia. Mama yangu pia alilisikia." Akarudi kwenye kazi yake.

Ilimchukua siku mbili. Alishusha giaboksi, akafungua flaiwili, akaipasha moto ringi ya meno taratibu mpaka ikatanuka na kulegea, akaigeuza kiasi cha robo mduara, akairudisha. Hivyo meno mazima yakaja mahali ambapo injini husimama, na yaliyolika yakaenda mahali ambapo gia haigusi sana. Alituambia kwamba ringi haitakiwi kupashwa mpaka iwe nyekundu, kwa sababu chuma hupoteza ugumu wake. Alituomba tulete stata yake ya kwanza ambayo tulikuwa tumeitupa stoo, akaifunga hiyohiyo. Akatudai shilingi 4,000 na hakukubali kuchukua zaidi. Tangu siku hiyo mpaka tunapoandika haya, pikapu haijakwaruza. Ile stata ya shilingi 11,000 ipo stoo. Tumeiacha huko kama karo tuliyolipia somo.

Bado kulikuwa na deni. Wanavyuoni wametueleza kwamba toba ina masharti: kuacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutoirudia. Na ikiwa dhambi inahusu haki ya mja, huongezwa sharti la nne, nalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake. Sheria hii haiulizi mwenye haki ni wa kabila gani wala dini gani. Jina la mtu ni haki yake. Tulikuwa tumelichukua barazani, hatuwezi kulirudisha chini ya mti.

Jioni ya siku ile gari lilipokamilika, baada ya Alasiri, tulikaa pale tulipokaa siku ya kwanza. Tuliwaeleza wenzetu kisa chote, kuanzia meno ya ringi mpaka ushahidi wa mama wa watoto. Tukasema wazi kwamba kijana hakutudanganya. Kisha tukasema lililokuwa gumu zaidi: kwamba siku ile neno lilisemwa juu ya watu wazima kwa wadogo, wanaume kwa wanawake, kwa sababu ya dhana juu ya mtu mmoja, na kwamba sisi tulikuwa na wajibu wa kulikataa na hatukulikataa. Leo tunalikataa. Mzee aliyelisema alikuwepo. Hakujibu kitu. Alichukua bakora yake akaondoka kabla ya kahawa. Siku ya Ijumaa alitupa mkono baada ya sala, akasema, "Umenipiga, Maalim, lakini umenipiga penyewe."

Tungependa kuwaambia kwamba mambo yote yalirudi kama yalivyokuwa. Haikuwa hivyo. Kijana ametuambia kwamba wateja wawili waliomwacha kwa ajili ya maneno yetu hawajarudi mpaka leo. Mama yake tulimwendea nyumbani pamoja na mama wa watoto. Alitukaribisha, akatupa maji, akatusamehe kwa ulimi. Moyo wake anaujua Mola wake. Ringi ya meno huweza kupashwa moto ikageuzwa. Neno likishatoka halina fundi.

Akina mama na akina baba wasomao ukurasa huu, tunayo mambo machache ya kuwausia. Gari likilia, msibadilishe kifaa kabla ya kuujua mlio. Uliza: ni mlio gani, huja lini, hauji lini, ulianza lini, na ni kitu gani kikibadilika nao hubadilika? Andikeni. Daftari la shilingi ishirini lingetuokolea shilingi 11,000. Na mwambieni fundi mnachokisikia, kisha mwacheni alisikilize gari mwenyewe. Msimwamuru kifaa cha kufunga. Akifungua stata, mwombeni amulike na meno ya ringi, mzunguko mzima.

Akina mama, msiache kusema mnachokisikia kwa sababu mmeambiwa hayo si mambo yenu. Anayelisikia gari kila alfajiri kutoka dirishani analijua kuliko anayelikalia.

Nasi waume, hasa tunaoitwa masheikh na walimu, tukumbuke kwamba Surat Al-Hujurat imetuamrisha katika aya ya 6 kuhakikisha habari kabla ya kudhuru watu kwa ujinga, na katika aya ya 12 kuepuka dhana na usengenyi. Tumezifasiri aya hizo kwa miaka zaidi ya ishirini. Kuzitekeleza tumefundishwa na mama wa nyumba yetu na fundi wa chini ya mti.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi, azilinde ndimi zetu, autie baraka mkono wa yule kijana, na awaunganishe watu wa Mto Tana kwa mapenzi na uadilifu. Amin.